Maziwa Yasiyo na Mtoto

Nyakatuntu, Karagwe
6 Machi 1955

Mama mdogo,

Ninatokwa na maziwa. Sijaolewa, sijazaa, na mbele ya Mungu sijawahi kulala na mwanamume. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio.

Nisamehe kwa kutoanza na salamu. Nimeiandika barua hii mara tatu, na kila nilipoanza na salamu niliishia kwenye salamu. Sasa nakuamkia. Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Baba hajambo. Bibi hajambo, ila macho yake yanazidi kufifia. Mvua zimeanza, majani ni mengi, na yule ng'ombe wa marehemu mama mwenye baka usoni amezaa ndama jike. Mimi nilimaliza darasa la sita Desemba. Masista walitaka niendelee nisomee ualimu, lakini baba alisema inatosha.

Nimeposwa. Mchumba anaitwa Placidius, mtoto wa mzee Mutalemwa wa Kyerwa, na ng'ombe wa mahari wameshafika. Tangu baada ya Noeli nimewekwa ndani, kama alivyowekwa mama. Kazi yangu ni kukaa kwenye mkeka na kunywa maziwa ili ninenepe kabla ya harusi. Asubuhi, mchana na jioni bibi ananiletea ekyanzi, kile chombo chetu cha mti, anakaa mlangoni mpaka nimalize. Ananiita ndama wake.

Nimenenepa upesi. Uso umejaa, miguu imejaa. Wanawake wanaokuja kunitazama wanafurahi, wanasema, "Huyu ameyapokea maziwa." Mimi nacheka nao. Lakini, mama mdogo, sijisikii mnene. Najisikia mzito, na hivyo ni vitu viwili.

Mwezi uliopita niliona doa kwenye nguo yangu, nikadhani nimejimwagia. Nikabinya. Yakatoka pande zote mbili, meupe kabisa. Siku zangu nazo sijaziona tangu Oktoba.

Nadhani sababu naijua. Kwetu mtu aliyekula samaki hanywi maziwa siku ile, la sivyo chuchu za ng'ombe zitaumwa. Mwaka jana shuleni tulipewa dagaa mchana, nami nilikuwa na njaa, nikala. Jioni Adventina tuliyelala naye bweni moja alikuwa mgonjwa, akaletewa maziwa, akanigawia, nikanywa. Kwa wiki nzima niliogopa kusikia ng'ombe wa baba wameumwa. Hawakuumwa. Sasa naona adhabu ilikuwa inanitafuta mimi mwenyewe.

Shangazi Kyarimpa, dada yake baba, atakuja kutoka Nyakasimbi kunikagua kabla ya harusi, kama desturi ilivyo. Akiyaona atasema nina mimba au nimeshazaa mahali. Unajua msichana anayekutwa hivyo anafanywaje hapa. Hatalala tena chini ya paa la baba yake.

Wewe unafanya kazi hospitalini. Kuna dawa ya kukausha? Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu bibi na shangazi hawakijui. Anatory katekista ataipeleka barua parokiani kwa baiskeli. Nimeibandika kwa ndizi ya kuponda ili asiifungue. Ukishaisoma, ichome.

Mwanao,
Kokuhirwa


Hospitali ya Misheni, Bukoba
11 Aprili 1955

Mwanangu Kokuhirwa,

Marahaba. Milele amina. Pasaka ilikuwa jana, na wodi imejaa kama kawaida baada ya sikukuu. Mimi ni mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Barua yako ilichelewa mno, nimeipata Alhamisi Kuu. Wasalimie baba na bibi. Nimefurahi kusikia ng'ombe wa dada yangu amezaa.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kama unavyomjibu Mungu. Ni nani? Ni huyo Placidius au ni mwingine? Na ni miezi mingapi sasa?

Usiniandikie habari za dagaa, mimi ni mtu mzima. Ukinitajia jina nitajua la kufanya. Masista wana nyumba ambamo msichana hukaa mpaka ajifungue, na hakuna anayemuuliza kitu. Usinywe mitishamba ya mtu yeyote.

Barua nimeichoma.

Mama yako mdogo,
Stephania


Nyakatuntu
2 Juni 1955

Mama mdogo Stephania,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu. Majirani wanachuma kahawa. Ng'ombe wetu wawili walipotea, wakapatikana karibu na kivuko cha Murongo, kidogo wavushwe kwenda Uganda. Baba alikasirika siku mbili, sasa ametulia.

Ile habari niliyokuandikia nilikosea. Ilikuwa jasho tu. Asante kwa nyumba ya Masista, siihitaji.

Adventina wa bweni langu angeniamini, lakini ameolewa mbali.

Ni mimi,
Kokuhirwa


Bukoba
24 Juni 1955

Mwanangu,

Jasho haliwi jeupe.

Naanza na hilo kama wewe ulivyoanza, halafu ndiyo nakusalimu. Hujambo? Baba yako hajambo? Hapa tulikuwa na mvua ya mawe, ikavunja vioo vya jikoni.

Nimekukosea. Uliponiandikia, sikuisoma barua yako. Niliisoma yangu. Mwaka wa 1938, nikiwa na miaka kumi na saba, watu wazima walinizunguka wakaniuliza, "Ni nani?" Mimi nilikuwa na jina la kutaja, na sikulitaja. Mama yako alikwambia nilikwenda kusoma. Niliondoka na nguo moja. Zaidi ya hapo sitaandika, wala usiniulize.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Mei aliletwa mwanamke, mke wa mvuvi, mtu wa miaka thelathini. Alivaa sweta mbili juani na alikuwa akijibu maswali baada ya sisi kuyasahau. Sista daktari alimkagua kifuani, yakatoka maziwa. Mtoto wake wa mwisho anachunga mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, na nilikukumbuka wewe mpaka beseni likanitoka mkononi.

Sista anasema shingoni mwa kila mtu kuna tezi ndogo. Inatengeneza kitu anachokiita homoni, na damu inakipeleka mwili mzima. Kikipungua, mwili unapoa kama chungu kilichoondolewa mafigani: moyo unakwenda polepole, maji yanajaa chini ya ngozi, damu ya mwezi inakatika. Kwa nini matiti nayo yanaanza kutoa maziwa, amekiri hajui vizuri. Jambo hilo ameliona mara mbili tu, na mara zote mbili kasoro ilikuwa ya shingo. Alichukua nyundo ndogo ya mpira akampiga yule mama nyuma ya kisigino. Mguu uliruka upesi, lakini kurudi ulirudi taratibu, kama mtu anayejikokota kutoka kitandani. "Umeona?" akaniambia. Akampa vidonge. Jana yule mama ametaniana nami kuhusu kofia yangu.

Sikumtajia jina lako. Nilimwambia ni msichana fulani. Anauliza kama unasikia baridi wenzako wakitoka jasho, kama sauti imekwaruza, kama nywele zinakatika na ngozi imekauka. Na anataka uweke vidole shingoni, umeze mate, useme kama kuna kitu kinapanda na kushuka.

Nijibu. Mimi nakuamini, hata kwa dagaa.

Stephania


Nyakatuntu
17 Julai 1955

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo, na sijaichoma. Bibi anaumwa goti. Baba amepeleka ng'ombe mbali kwa sababu majani ya karibu yamekauka, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi.

Jibu ni ndiyo. Yote.

Nasikia baridi mchana wa jua. Bibi ananifunika ngozi ya ng'ombe na kusema bibi harusi anatakiwa kutunzwa joto. Sauti yangu imekuwa nene, naye anasema ndiyo sauti ya mke wa mtu, ile ya kwanza ilikuwa ya kindege. Nywele naziokota kwenye mkeka, anasema maziwa yanasukuma za utoto zitoke. Nimekuwa mweupe kidogo na mpole. Nikiulizwa kitu nachelewa kujibu, wageni wanasema nina heshima. Na shingoni kipo. Kinapanda na kushuka. Mke wa Mutalemwa alinishika hapo akasema, "Tazameni shingo iliyojaa, kama ya mtamba." Wote wakapiga vigelegele.

Kila ulichoniuliza kama ugonjwa, hapa wananisifia. Nikisema naumwa nitakuwa nimewatukana wote walionikamulia.

Kifuani nimejifunga kitambaa. Nakiosha bibi akilala mchana, nakianika ndani ya kikapu, kwa hiyo hakikauki vizuri na kinanuka. Ninanuka kama chombo kisichofukizwa moshi. Naona aibu hata kusali nimeinua mikono.

Shangazi Kyarimpa atakuja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi ujao. Baba siwezi kumwambia. Mimi na baba hatujawahi kutaja titi isipokuwa la ng'ombe. Na shangazi ndiye ninayemwogopa kuliko baba. Alimkagua binti wa jirani yetu, akatoka nje, akasema neno moja tu, na siku ileile binti akaondoka.

Nakuomba usimwandikie mtu. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa kosa lisilokuwepo kuliko kila mtu ajue ninavyotokwa na maziwa kama mnyama.

Kokuhirwa


Bukoba
31 Julai 1955

Mwanangu,

Natumaini goti la bibi limepoa. Apakwe mafuta, na asilikalie.

Sitamwandikia mtu bila ruhusa yako. Lakini ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Sista kwa baba yako. Inataja shingo tu: kwamba shingo yako ina rovu, ule uvimbe wa tezi, na unatakiwa hapa. Maziwa hayamo. Unaweza kumpa au kuichoma. Lori la kahawa linaondoka huko kila Ijumaa, na dereva ananijua.

Sista hapendi kutisha watu, kwa hiyo neno lake ninakuletea kama lilivyo. Amesema, "Akiachwa apoe hivyohivyo, siku moja atalala, na kumwamsha itakuwa kazi kubwa kuliko uwezo wangu." Kufukuzwa unaweza ukafukuzwa na ukaishi. Mimi najua.

Na kuhusu Kyarimpa: yeye naye ni mwanamke, ana mwili.

Stephania


Nyakatuntu
22 Agosti 1955

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki nzima na zaidi ndani ya koti la Jumapili la Anatory, maana alishikwa na homa na koti halikuvaliwa. Shangazi akafika kabla ya barua.

Alikuja Alhamisi. Alikunywa maji, akamuuliza bibi habari za goti, kisha akamwomba atoke nje. Akafunga mlango.

"Vua," akasema.

Nikavua. Akakiona kitambaa. "Na hicho?"

Akakifungua mwenyewe, akakinusa, akakiweka chini. Halafu akaniuliza lilelile uliloniuliza wewe.

"Ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini siku hizi hata machozi yangu yanachelewa. Nikasema kwa sauti yangu ile nene, "Hakuna mtu, shangazi. Nilikula dagaa."

"Dagaa?"

"Shuleni. Halafu nikanywa maziwa."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Kokuhirwa, mimi niliolewa na mkulima. Nimekula samaki wa mto Kagera miaka ishirini, na maziwa nikanywa juu yake, na kaka yangu ng'ombe wake wananona. Dagaa hawazalishi mtu. Lala hapo."

Akanipapasa tumbo kwa mikono miwili, polepole, kama anavyopapaswa ng'ombe anayedhaniwa ana mimba. "Humu hamna kitu," akasema. Kisha akaangalia pale anapopaswa kuangalia, na hilo sitaliandika. "Na huku hakuna aliyepita."

Nilidhani atatoka nje kusema neno lake. Hakutoka. Alikaa kwenye mkeka wangu, akanikamata mkono, akaushika muda mrefu.

"Una baridi," akasema.

"Nasikia baridi, shangazi. Kila siku."

"Hata jua likiwaka?"

"Hata jua likiwaka."

Unajua kwamba sijawahi kuiona shingo ya shangazi? Siku zote huizungushia kitambaa, nikafikiri ni kwa sababu ya ujane. Alikifungua, mzunguko kwa mzunguko. Pale chini kuna uvimbe kama yai la kuku wamebandika chini ya ngozi.

"Mimi yalinianza mwaka mmoja baada ya mume wangu kufa," akasema. "Yakanitoka miaka miwili. Mjane mwenye maziwa. Ungekuwa wewe ungemwambia nani? Nikajifunga kama wewe." Akaokota kitambaa changu. "Ila wewe umejifunga vibaya. Fundo linakaa ubavuni, si kifuani, ndiyo maana unalowa."

Nikamuuliza, "Na yule binti wa jirani?"

Alinifunga upya, fundo ubavuni, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko yangu.

Jumamosi barua yako ikafika. Nilimsomea, nikiigeuza kwa Kinyambo, lugha yetu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba yeye naye ana mwili, niliogopa nikaruka mstari. Akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi. Akasema, "Huyo Stephania alikuwa na mdomo tangu zamani."

Jioni baba alirudi na ng'ombe. Nilimpa karatasi ya Sista kwa mikono miwili. Hasomi, kwa hiyo ilibidi niisome mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yake. Alipouliza, "Na harusi?" shangazi akajibu kabla yangu: "Harusi itasubiri. Mtoto ana shingo, na mimi nina shingo. Tunakwenda Bukoba."

Tutapanda lori la Ijumaa. Usimwambie mtu kwamba na shangazi ni mgonjwa. Amenisisitiza hilo mara tatu.

Kokuhirwa


Nyakatuntu
11 Desemba 1955

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo. Tumefika nyumbani salama kutoka Bukoba tangu mwezi uliopita. Nimechelewa kuandika kwa sababu sasa siwekwi ndani, natumwa. Goti la bibi limepona kwa mafuta yako. Mvua ni nyingi. Yule ndama jike mwenye baka baba amesema ni wangu.

Baridi imetoka mwilini. Sauti yangu imerudi ya kindege. Maziwa yalikauka kabisa wiki ile ya Watakatifu Wote, nikasubiri siku kumi kabla ya kuamini. Siku zangu nazo zimerudi, na bibi haelewi kwa nini naimba nikifua.

Lakini nimekonda. Ule uliokuwa ukisifiwa haukuwa unene, yalikuwa maji, na yamekwenda. Wanawake wanakuja kunipa pole kama kwenye msiba. "Hospitali imemwaga maziwa yetu yote," wanasema. Mke wa Mutalemwa alinigeuza mkono akaniambia mbele ya baba, "Ng'ombe wetu tuliwatoa kwa msichana mwingine." Nilitamani ardhi inimeze. Baba aliendelea kuchonga fimbo yake, akasema, "Ni yuleyule. Ila sasa anaamka mapema." Wameondoka, wamesema watatoa jibu baada ya Pasaka. Placidius mwenyewe sijui anasemaje, hakuna aliyemuuliza. Mimi pia hakuna aliyeniuliza. Naona aibu kutembea njiani na mikono hii myembamba, lakini si aibu ile. Hii naweza kulala nayo.

Sasa kuna jambo. Ulituambia ni vidonge vya shingo, ukaishia hapo. Shangazi alikuuliza mara mbili vimetengenezwa na nini, na mara zote mbili ulikumbuka una kazi wodini. Chupa imeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo sana. Jana nilikaa nayo juani, neno kwa neno. Neno moja nalijua vizuri, tulilisoma darasa la tano kwenye habari ya mchungaji aliyepotelewa. Ni kondoo. Ni tezi ya kondoo, imekaushwa na kusagwa. Wewe ulijua. Ulijua kwamba kwetu sisi wa ng'ombe kondoo haliwi, na aliyemla hata chombo cha maziwa hashikishwi.

Nilipoteza usingizi. Niliwaza nisimwambie shangazi, kama wewe ulivyofanya. Halafu nikakumbuka alivyofungua kile kitambaa. Leo asubuhi nimekwenda nikamwambia. Amekuja kwetu tangu Jumatano kufuata vidonge vyake, maana mimi ndiye ninayemhesabia.

Alikaa tu mpaka jua likapanda. Aliangalia ng'ombe wa baba wakitoka zizini, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Sikuthubutu kusogea.

Halafu akanyoosha kiganja. "Lete kondoo wangu," akasema. "Naanza kusikia baridi."

Tumemeza pamoja, yeye na mimi, tukiwa tumegeukia ukutani.

Baba asijue, na bibi asijue. Shangazi anasema hata marehemu mume wake asijue. Nakuomba usimwambie mtu yeyote, mama mdogo. Lakini barua hii usiichome.

Mwanao,
Kokuhirwa